Kovu Limefunga, Nyonga Bado

Mhariri,

Gazeti lako hunifikia hapa Bombo, Uganda, likiwa limeshapita mikononi mwa watu wengi. Mkwe wangu ni dereva wa lori, hulinunua upande wa Kenya akikaribia Busia, hulisoma kwenye foleni ya forodha, na kwangu hufika siku mbili tatu baadaye limefungiwa vitunguu. Ukiona nachangia habari ambayo wenzangu wameshaimaliza, sababu ndiyo hiyo. Hili la leo halina kuchelewa, maana natembea nalo: nyonga yangu ya kulia, iliyopasuliwa nikawekewa ya chuma.

Mwezi uliopita nilikwenda matangani hapa mtaani kwetu. Wanawake wamekaa chini mikekani kama ilivyo desturi, nami nikaomba kiti. Tena nikaomba kiti kirefu, si kile kigoda cha jikoni. Wifi yangu mmoja akasema, kwa sauti ya kutaka isikike: "Wifi, si kovu lako limeshafunga? Tumeliona wenyewe tulipokuja kukujulia hali." Wengine wakacheka kile kicheko cha msibani, mtandio mdomoni. Sikujibu, nikakalia kiti changu mpaka dua ikaisha. Lakini usiku usingizi ulikataa, nikasema hili nitaliandika.

Nina miaka 64. Kazi yangu ni kusuka: mikeka, na tabaga, zile kawa za rangi rangi za kufunikia chakula ambazo kwetu Wanubi arusi bila hizo ni kama chai bila sukari. Zaidi ya miaka 40 nimekaa chini, miguu nimeikunja, kazi mapajani. Nyonga ya kulia ilianza kuniuma polepole. Nikasema ni baridi. Maumivu yakawa yanaanzia kinenani yanashuka mpaka gotini, na hapo ndipo yaliponidanganya, maana nilipaka goti dawa kwa miaka miwili, kumbe goti halina kosa, mkosaji yuko juu. Ilipofika siku siwezi kuinama kufunga kiatu cha kulia, binti yangu akanipeleka Kampala. Picha ya eksirei ikaonyesha gegedu, ule mto laini wa kwenye kiungo, limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Nikamuuliza daktari kama ni mikeka iliyoniharibu. Akasema hawezi kuulaumu mkeka peke yake. Kuna umri, kuna maumbile ya mfupa wenyewe, na kuna koo ambazo ugonjwa huu unazipenda.

Habari ya fedha nitaipita haraka. Kiwanja kimoja cha marehemu mume wangu si chetu tena. Basi.

Daktari alinichorea upasuaji wote nyuma ya bahasha. Kichwa cha mfupa wa paja, kile cha duara, kinakatwa na kutolewa. Ndani ya paja inashindiliwa nondo ya chuma yenye kichwa kipya, na kwenye nyonga linawekwa bakuli la kukipokea. Aliona nafurahia habari hizo, akaniongezea kwamba Mwingereza John Charnley, ambaye ndiye aliyeuweka upasuaji huu katika njia inayofuatwa mpaka leo, kwanza alijaribu bakuli la Teflon, ile ile ya vikaango visivyoganda, likalika upesi na wagonjwa wakaumia. Mwaka 1962 akahamia plastiki nyingine ngumu sana, ukoo mmoja na plastiki ya jerikeni zetu, na hiyo ikadumu. Saruji ya kugandishia chuma ndani ya mfupa alijifunza kwa watu wa meno. Nikamwambia daktari, kwa hiyo nyonga yangu ni jerikeni na jino bandia. Alicheka mpaka nesi akachungulia mlangoni.

Nilipasuliwa asubuhi kwa sindano ya mgongoni, kiunoni kwenda chini sisikii kitu, masikioni nasikia nyundo. Ndiyo, nyundo. Kesho yake tu wakanisimamisha na fremu ya kutembelea. Nilidhani wanataka kuniua. Mtaalamu wa viungo akanieleza kwamba saruji ile hukauka kwa dakika chache, chuma kimeshashika, mguu unaweza kubeba uzito. Kulala tu ndiko kunakoleta balaa, damu inaganda kwenye mishipa ya mguu na kipande kikipanda mapafuni unaweza kwenda na usirudi. Ndiyo maana nilipewa vidonge vya kuzuia damu kuganda vya siku 35, na amri ya kuchezesha vifundo vya miguu kila nikikumbuka. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, nisingoje asubuhi.

Siku ya tano nikaruhusiwa. Hapa ndipo penye maneno yangu, Mhariri.

Nilipewa karatasi mbili za Kiingereza. Hospitali sitaitaja, kwa sababu mikono iliyonipasua ilikuwa mizuri na sitaki kuivunjia heshima. Binti yangu amesoma mpaka Senior Four, yaani kidato cha nne, akanitafsiria ndani ya gari, tunaruka matuta ya Kawempe mpaka Matugga, mimi nimelazwa kiti cha nyuma na mto katikati ya mapaja. Karatasi ikasema: tumia kiti cha kuinulia choo. Usikalie sofa la chini. Oga kwenye bafu la kusimama lenye vyuma vya kushikia. Usiendeshe gari kwa wiki sita. Baadaye unaweza kuogelea.

Binti yangu alipofika kwenye kuogelea tukaangaliana. Mimi choo changu ni cha shimo, kiko nyuma ya migomba. Bafu ni mabati matatu na jiwe la kusimamia. Sofa sina, nina mikeka, na gari nililolipanda siku ile lilikuwa la kukodi. Karatasi ile iliandikiwa mtu mwingine, mahali pengine, na mimi nikapewa kama nguo ya mtumba isiyonitosha. Kuhusu kuchuchumaa haikusema neno. Kuhusu mkeka, kimya. Wala boda boda haikutajwa, na Uganda hii hakuna anayefika popote bila boda boda.

Makatazo yenyewe makubwa ni matatu, na mtu yeyote angeweza kuyaelewa kama yangesemwa kwa lugha yake. Mimi nilipasuliwa kwa nyuma, upande wa tako, na waliopasuliwa hivyo huambiwa: usikunje nyonga kupita pembe ya kiti cha kawaida, yaani goti lisipande juu kuliko nyonga, usipishanishe miguu, usigeuze unyayo wa mguu ule kuelekea ndani. Ukivunja hayo kabla nyama za ndani hazijashika, kichwa kile cha chuma kinaweza kuchomoka bakulini, na unarudishwa hospitali unapiga kelele. Mimi niliambiwa wiki 12. Sasa hesabu mwenyewe: kuchuchumaa chooni, katazo la kwanza limekwenda. Kukaa mkekani miguu umeikunja pembeni, yote matatu yamekwenda kwa mpigo mmoja. Kupiga magoti kumsalimia mkubwa, kuchambua mchele, kuwasha jiko la mkaa, kupanda boda boda kwa kutupa mguu. Maisha ya mwanamke wa hapa yote yako chini ya usawa wa goti.

Tulijitengenezea yetu. Fundi seremala wa hapa nyuma ya soko alichukua kiti cha mbao, akakikata tundu katikati, akakiongezea miguu, kikawa kinasimama juu ya shimo la choo. Alinitoza shilingi 60,000 na mzaha juu. Kitanda tulikiinua kwa matofali mawili kila mguu. Swala nikaswali kwenye kiti. Nilimuuliza imamu kwa aibu, akaniambia dini ilishampa mgonjwa nafasi hiyo kabla hata hayo machuma hayajabuniwa. Jiko likahamia juu ya meza, na mjukuu wangu wa miaka tisa akapewa cheo cha kuokota vitu vinavyoanguka. Anajivunia kuliko mwenyekiti wa LC1, baraza letu la kijiji.

Sasa kovu, kwa sababu ndilo lililoniletea maneno.

Langu lina urefu wa shibiri moja kasoro, linashuka nyuma ya nyonga. Lilifungwa kwa pini za chuma 23, nilizihesabu kwa kioo. Siku ya 14 zikatolewa. Mshono ukawa umefunga vizuri, mstari mwembamba, na kila aliyekuja kuniona alitaka kuonyeshwa, na kila aliyeonyeshwa alisema alhamdulillahi umepona. Hili ndilo kosa, na mimi mwenyewe nililiamini. Ngozi hufunga mapema kwa sababu ni mlango, lazima ufungwe vijidudu visiingie. Nyuma ya mlango huo kuna mafuta, kuna misuli iliyokatwa na kushonwa, kuna mfuko wa kiungo wenyewe, na hao kila mmoja ana mwendo wake. Daktari aliniambia ngozi yenyewe iliyoungana haifikii tena nguvu ya zamani; baada ya miezi mitatu hivi hufika kama asilimia 80 na hapo husimama. Mimi msusi hilo sikuhitaji kulielezwa mara mbili. Mkeka ulioshonwa mahali ulipochanika, ukiujua, unaukunja ukiupisha mahali pale.

Halafu kovu halitulii. Wiki ya tano, wakati nadhani limemalizika, ndipo likaanza kuwasha kama limepakwa upupu, likanyanyuka, likawa jeusi kuliko ngozi yangu, nami si mweupe. Pembeni yake kuna mahali, upana wa kiganja, ambapo mpaka leo nikigusa sisikii, kama nagusa paja la mtu mwingine. Nililia kwa hofu peke yangu usiku mmoja kwa ajili ya hilo, na ingetosha sentensi moja kwenye karatasi ile: vijishipa vidogo vya fahamu vya ngozi hukatwa pamoja nayo, vingine huota tena kwa miezi, vingine havioti, na si ugonjwa. Kovu hubadilika rangi na unene mwaka mzima, hata mwaka na nusu. Kwa nini mtu aachwe ajifunze hayo kwa kulia?

Na kukawa na washauri. Mama mmoja jirani alikuja siku ya saba na birika la maji moto na taulo, tayari kunikanda kama mzazi. Mwingine alileta unga wa majani ya kunyunyizia. Nawapenda wote, walikuja kwa moyo safi. Binti yangu alisimama mlangoni kama askari wa kambi ya hapa Bombo, akawapa chai na hakuna aliyenigusa. Nawaambia wanaosoma: mshono mbichi usikandwe, usipakwe jivu, majani, samli wala dawa ya meno, na usilowekwe kwenye beseni. Uwe mkavu, ufunikwe kwa bandeji safi, basi.

Lakini ujanja wetu haukutosha. Siku ya 17 nilinyeshewa njiani kutoka msalani, nguo ikanilowea na sikubadilisha upesi. Siku mbili baadaye upande wa juu wa mshono ukatoa majimaji, doa la ukubwa wa sarafu kwenye shuka. Tukaenda kliniki moja ndogo iliyo karibu. Yule kijana hakufunua hata bandeji. Alinisikiliza akiwa amesimama, akaniuzia vidonge vya kuua vijidudu vya siku tano, nikaenda. Nilimeza viwili. Jioni binti yangu akapiga simu Kampala kuuliza kama navyo vinapatana na vile vya damu, na daktari, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akapandisha. Asubuhi nikawa mbele yake.

Alinieleza hivi. Jeraha la kawaida likitoa majimaji, dawa huenda ikatosha. Lakini chini ya mshono wangu kuna chuma, na chuma hakina damu. Vijidudu vikikifikia hujijengea utando juu yake kama ule utelezi wa ndani ya mtungi wa maji usiosuguliwa, na dawa ya kumeza haiupenyi. Ukimeza dawa ovyo mshono unakauka juu, unafurahi, huku chini moto unaendelea, na hata wakija kuchukua majimaji ya kupima, maabara haioni mdudu kwa sababu umemlewesha. Mwisho chuma chote kinatolewa. Kwa hiyo mtu mwenye nyonga ya chuma akiona majimaji au usaha, wekundu au joto linalotambaa, homa, au maumivu yaliyokuwa yanapungua yakageuka kuongezeka, asimeze vidonge vya kuua vijidudu kwa kujiamulia. Arudi kwa aliyempasua. Mimi Mungu alinisitiri, yalikuwa majimaji ya juu juu. Walinipima, wakanisafisha, wakanirudisha baada ya siku tatu kuangaliwa tena. Yule kijana wa kliniki simlaani. Naye huenda hakuna aliyemwambia.

Hasira yangu iko kwingine. Mwaka 2005 katiba yetu ilirekebishwa Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha tena kwamba ni lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Watu wakashangilia redioni. Hapa Bombo hatukuhitaji kupitishiwa; Kiswahili kiliingia na majeshi tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na hakijatoka. Sasa naiuliza Wizara ya Afya: lugha rasmi isiyofika kwenye karatasi ya kumtoa mgonjwa wodini ni rasmi ya wapi? Sisemi Kiswahili peke yake. Iwe Kiganda kwa mwenye Kiganda, Kilugbara kwa wa Arua, Kiateso kwa wa Soroti. Na asiyejua kusoma achorewe. Picha ya mwanamke amekaa mkekani, msalaba mwekundu juu yake. Picha ya choo cha shimo na kiti kama changu, pamoja na vipimo, seremala apelekewe. Picha ya mshono unaotoa maji na mshale unaorudi hospitali. Kazi ya siku ngapi hiyo? Mimi mwenyewe naweza kuichora, na sijui kuchora.

Na hizo safari za kuangaliwa mshono. Kutoka hapa hadi Kampala ni kama kilomita 35, kwangu ni afadhali. Lakini wodini kitanda cha pili alikuwa mama wa Yumbe, kule mbali kaskazini magharibi. Naye pini zake aondolewe wapi, na nani? Nilimwacha akiuliza swali hilo, na jibu sikulisikia.

Leo ni mwezi wa tisa tangu nipasuliwe. Natembea bila gongo ndani ya nyumba, nalishika barabarani zaidi kwa ajili ya boda boda kuliko kwa ajili ya mguu. Nikiingia duka kubwa Kampala kile kifimbo cha mlinzi hulia kwenye nyonga, naye hunitazama kama nimeficha sufuria. Nasukia juu ya kiti, kazi nimeilaza mezani. Mwanzoni ukili ulikuwa hauninyokei, sasa tumezoeana. Daktari ameniruhusu mambo mengi ila amenishauri nisirudie kabisa kukaa chini kwa kujikunja, na mimi nimekubali. Wiki 12 zimepita, wifi yangu anazijua. Asichojua ni kwamba ruhusa ya kutembea si ruhusa ya mkeka.

Bado nina shida moja, na kwa hiyo naomba wasomaji wako. Nilipotogwa masikio nikiwa msichana, tundu la kushoto liliota nundu, na sisi ambao ngozi yetu ina tabia hiyo makovu hutuotea vinundu kuliko wengine. Ncha ya juu ya kovu langu, pale pale palipotoa maji na ambapo mkanda wa sketi ya ndani husugua, pameanza kuwa panene na pagumu, kama inchi mbili. Nimehamisha mkanda. Ngozi ilipokuwa imefunga sawasawa niliambiwa nipakande kwa kidole gumba, kwa mzunguko, dakika chache asubuhi na jioni, nami natumia mafuta ya ufuta. Daktari ameniandikia pia vibandiko vya silikoni, vya kubandika saa nyingi za siku kwa miezi miwili mitatu. Duka la dawa nililoulizia Kampala, bei ya kimoja ni tabaga mbili zangu kubwa, na kinahitaji kubadilishwa. Kama yuko msomaji, wa Jinja, Arua, Kampala au hata Kisumu, anayejua vinakopatikana kwa bei ya mtu wa kawaida, aandike kupitia kwako. Mkwe wangu hupita Busia kila Jumanne.

Wasalaam,

Msusi wa tabaga,
Bombo, Wilaya ya Luwero